Haki ya Nguva

Mtu wa Ngarenaro, mjini Arusha, hushuka pwani ya Rufiji apate kupiga mbizi na kumtazama nguva, akasema: Nampenda. Je, huko ni kupenda, au ni shauku ya macho?

Yafaa ijulikane kwamba nguva hula majani ya bahari, na pumzi huivuta juu ya maji. Akifukuzwa kwa chombo hukosa yote mawili. Jike huzaa mtoto mmoja, kisha hukaa miaka 3 hadi 7 asizae tena. Akinaswa katika jarife hufa kwa kukosa pumzi. Nao waliobaki ni wachache.

Basi ampendaye hasa ni yule amsaidiaye mvuvi kwa mali yake aliache jarife, avue kwa mshipi, ijapokuwa yeye mwenyewe hatamwona nguva kamwe. Wallahu aalam.