Mjumbe na Jina Lake

Mtu akitumwa na wenzake kuwaombea jambo kwa wakubwa, je, anatafuta jambo lile, ao anatafuta sifa yake?

Tutazame Ufilipino, nchi ya Wakatoliki wengi, iliyotawaliwa na Marekani tangu mwisho wa mwaka 1898. Kuanzia 1919 wajumbe wake walivuka bahari mara nyingi kuomba uhuru kwa wabunge wa Washington. Mwaka 1931 walikwenda Sergio Osmeña na Manuel Roxas. Walikaa huko zaidi ya mwaka mzima. Katika Januari 1933 sheria ikapatikana: baada ya miaka 10 ya kujitayarisha, nchi itakuwa huru. Rais Hoover aliikataa, lakini wabunge wakaipitisha juu ya neno lake.

Kumbe, nyumbani Manuel Quezon, mkubwa wa Seneti, hakuitaka. Alisema kwamba inawaachia Wamarekani kambi za askari, na neno hilo lilikuwa na maana. Lakini ilijulikana pia kwamba sheria ikipokelewa, sifa itakuwa ya Osmeña na Roxas. Chama kikapasuka. Oktoba 1933 baraza la Ufilipino likaikataa sheria. Quezon akaenda mwenyewe Washington, na tarehe 24 Machi 1934 Rais Roosevelt akatia sahihi sheria nyingine. Kambi za askari wa nchi kavu ziliondolewa. Habari ya kambi za manowari iliachwa izungumzwe baadaye. Mengine karibu yote yalikuwa yale yale.

Moyo wa Quezon anaujua Mungu peke yake, sisi tusimhukumu. Lakini kishawishi hiki twakijua vizuri, hata katika halmashauri zetu za parokia. Jema likiletwa na mwenzetu, upesi twaona kasoro zake. Tukilileta sisi wenyewe, kasoro zile zile hatuzioni. Basi, kabla ya kukataa, tujiulize mbele ya Mungu: kama ningalilileta mimi, ningalilikataa?

Tumwangalie tena Osmeña. Mwaka 1935 alikubali kuwa makamu wa Quezon, yule aliyeikataa kazi yake. Mwaka 1943 Wajapani walikuwa wameishika nchi yao, na serikali yao ilikuwa Washington. Siku za Quezon katika urais zilikuwa zinakwisha, naye alikuwa mgonjwa sana wa kifua. Kwa sheria, kiti kilikuwa cha Osmeña. Yeye akawaendea wabunge, akaomba Quezon aachwe katika kiti chake. Akaachwa, mpaka alipokufa tarehe 1 Agosti 1944.

Uhuru ulifika tarehe 4 Julai 1946. Rais wa siku ile alikuwa Roxas, kwa maana Osmeña alikuwa ameshindwa katika uchaguzi. Lakini jambo aliloliombea lilikuwa limepatikana. Yoane Mbatizaji naye alifurahi kupungua, ili yule aliyemtangulia njia aonekane. Tuombe neema hiyo kwa wote wanaotumwa kusema kwa ajili ya wengine, na kwanza kwa ajili yetu wenyewe.