MAJI YANAKWENDA WAPI?

Kijana mwenzangu, usiitupe karatasi hii kabla hujaisoma mpaka mwisho. Labda wewe ni dereva, au utingo kama nilivyokuwa mimi, au unajifunza ufundi gereji, au ulipanda tu basi likachemsha njiani ukakaa juani masaa matatu. Nina swali moja kwako. Gari linalojazwa maji kila asubuhi, hayo maji YANAKWENDA WAPI?

Usinijibu kwamba yameisha. Petroli huisha kwa sababu inaunguzwa. Maji ya rejeta hayaunguzwi! Yanazunguka tu. Pampu inayasukuma ndani ya injini, yanachukua joto, yanapita kwenye rejeta yanapoa, halafu yanarudi tena. Njia yake imefungwa kama mishipa ya damu. Gari lenye afya linakaa miezi na miezi bila kudai hata kikombe. Likianza kudai kila siku, ujue pana mahali panavuja.

Sasa nikuambie yaliyonipata. Mkono wangu wa kulia una kovu kutoka kiwiko mpaka kwenye vidole.

Mwaka 2011 nilikuwa utingo wa lori dogo. Tulikuwa tunashusha nyanya za Ilula mpaka Dar es Salaam, tunapandisha sukari, sabuni na mabati mpaka Iringa. Lori lilikuwa la mama mmoja mjane, mwenye watoto wanne, na alilinunua kwa mkopo. Kwake tulikula, kwake tulilala. Dereva nilimwita kaka. Lori lilipoanza kudai maji kaka akaniambia, "Dogo, mama asijue. Akijua atalisimamisha gari, na sisi tutakula wapi?" Nikanyamaza.

Mwanzo lilidai kopo moja. Nikaona ni jambo dogo. Baadaye chupa ya lita moja na nusu. Mwezi haujaisha natembea na dumu la lita 20 nyuma ya kiti, na kila tukipandisha lazima tusimame Ruaha Mbuyuni tujaze, ndipo tuukabili mlima Kitonga. Tena nilijiona mjanja! Nilijua saa ngapi nijaze ili mama asinione.

Siku hiyo tulichelewa, hatukusimama Ruaha Mbuyuni. Katikati ya Kitonga, kona juu ya kona, mzigo mzito, mshale wa joto ukapanda mpaka kwenye nyekundu. Kisha, sikia hili, ukashuka wenyewe. Kaka akacheka akasema, "Umeona? Limepoa." Halikupoa! Maji yalikuwa yamekwisha, na kile kipimo kikikosa maji ya kukigusa hudanganya. Punde injini ikaanza kugonga. Tukasimama. Nikachukua tambara, nikafungua kifuniko cha rejeta.

Kijana, kile kifuniko si cha kuzuia vumbi. Ndani yake mna springi inayoyabana maji kwa presha, na maji yaliyobanwa hayachemki kwenye nyuzi 100. Yakibanwa kwa presha ya ba moja yanavumilia mpaka nyuzi 120 hivi. Ukifungua, presha inaondoka, na maji yaliyobaki yanageuka mvuke mara moja mkononi na usoni pako. INJINI YA MOTO HAIFUNGULIWI. Subiri mpaka uweze kuushika mpira wa juu wa rejeta kwa kiganja bila kuungua, hata ikiwa saa nzima, hata abiria wakikutukana.

Mimi nikiwa nalia kando ya barabara, kaka aliomba maji kwenye lori lililokuwa linapita, akayamimina baridi hivyo hivyo juu ya chuma cha moto. Hedi ikapasuka.

Mama aliuza kiwanja akalipa hedi nyingine. Fundi mmoja wa Iringa, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, akaifunga, injini ikawaka, sisi tukadhani kazi imekwisha. Mzee akakataa kutoa ufunguo. Akasema, "Hedi ni maiti. Muuaji bado yumo humu ndani."

Akaniita, mkono ukiwa na bandeji, akaanza kuniuliza kama polisi. Maji yalikuwa yanadondoka chini? Hapana mzee, chini pakavu. Bomba la moshi lilikuwa linatoa moshi mweupe, mzito, hata injini ikiwa imeshapata moto? Hapana mzee. Ukifungua kifuniko asubuhi na kuwasha, maji yalikuwa yanatoa mapovu bila kuacha? Sikuona. Oili mwenyewe alikuwa ameitazama alipoimwaga: ilikuwa nyeusi ya kawaida, haikufanana na chai ya maziwa.

Akanieleza kwamba maji yana milango miwili tu ya kutokea. Yanatoka nje ya injini, au yanaingia ndani yake. Yakiingia ndani kwa sababu ya gasketi ya hedi au ufa, ishara ndizo hizo alizoniuliza, na nyingine ni mipira ya maji kuwa migumu kama mti mara tu baada ya kuwasha, kabla hata injini haijapata moto, kwa kuwa gesi ya silinda inaingia kwenye maji. Kwenye injini ya petroli ukizing'oa plagi, ile ya silinda yenye kosa huwa safi mno kuliko wenzake. Mvuke umeiosha. Sisi hatukuwa na ishara hata moja ya hizo kabla ya ajali. Basi mlango wa ndani akaufunga. Tukabaki na wa nje.

"Lakini chini pakavu, mzee," nikamwambia.

"Ndiyo maana mmelizika gari," akajibu.

Hakunigombeza zaidi. Jioni aliliosha injini lote, akaliacha likauke, akatandika boksi safi chini yake ya mbele mpaka asubuhi. (Gari lenye kiyoyozi hudondosha maji meupe yasiyo na harufu, hayo yasikutishe.) Asubuhi boksi lilikuwa kavu. Ndipo akafunga kwenye mdomo wa rejeta pampu ya mkono yenye geji, injini ikiwa baridi, akapampu mpaka presha iliyoandikwa kwenye kifuniko, asizidishe. Akawasha kijiti cha uvumba kufukuza mbu, tukakaa kimya kuangalia mshale. Dakika kumi ukawa umeshuka. Kidogo tu! Lakini umeshuka.

Sasa akaanza kupita mahali kwa mahali. Rejeta, kwenye mishono na pembe zake. Mpira wa juu, mpira wa chini, akiuminya kila mmoja kuona nyufa. Pampu ya maji, ambayo ina tundu dogo chini yake. Tundu hilo likilia machozi, sili imekufa. Nyumba ya themostati. Vile vizibo vya chuma ubavuni mwa bloku, vinavyotobolewa na kutu kwa watu wanaojaza maji ya kisima cha chumvi. Kila alipoona pakavu alisema "huyu si yeye" akaendelea.

Baadaye nilipoanza kujifunza Biblia nilimkumbuka mzee yule siku niliposoma Yoshua sura ya 7. Israeli walipigwa kwenye mji mdogo wa Ai, wakafa watu kama 36, na hakuna aliyejua sababu. Kumbe mtu mmoja, Akani, alikuwa amefukia chini ya hema lake vazi la Shinari, shekeli 200 za fedha na kipande cha dhahabu. Juu ya hema palikuwa pakavu kabisa! Yoshua hakuwapiga watu wote. Aliwapitisha kabila kwa kabila, akabaki na Yuda. Ukoo kwa ukoo, akabaki na Wazera. Nyumba kwa nyumba, akabaki na ya Zabdi. Mtu kwa mtu, akabaki Akani. Kijana unayesoma, je, wewe unajaza nini kila asubuhi ili watu wasijue kinachovuja?

Turudi gereji. Mzee alichukua kioo kidogo cha kunyolea na tochi, akakiingiza nyuma ya injini mahali mkono hauingii. Kuna mpira mfupi unapita hapo, juu kidogo ya bomba la moshi. Akaniambia, "Njoo uone mwenyewe." Kwenye klipu ya mpira ule palikuwa na ukoko mweupe kama chumvi ya bakuli, na chini yake, juu ya chuma, mchirizi wa kutu. Klipu ilikuwa imelegea. Maji yalitoka tone kwa tone, yakaangukia bomba la moto, yakawa mvuke kabla ya kufika chini. Ndiyo sababu hatukuona hata tone barabarani. Klipu ile bei yake ni ya soda mbili.

Akabadilisha klipu na mpira wote, maana mpira uliopikwa miezi hauaminiki. Akapampu tena. Mshale ukasimama pale pale, dakika kumi, kumi na tano. Akajaza kulanti nusu na maji safi nusu, akisema kwetu huku dawa hiyo si ya baridi, ni ya kutu. Akanionya pia nisiache kopo la kulanti wazi, kwa maana ina utamu, na mtoto au mbwa akiilamba inaua. Nikamwuliza habari ya yai bichi na pilipili manga ambavyo madereva wanatia kwenye rejeta. Akasema vinaziba tundu, na vinaziba rejeta pia.

Jioni ile nilikwenda kwa mama. Kaka hakutaka kuja. Nilimkuta anachambua mchele, watoto wako shule. Nikamwambia habari ya klipu, ya kioo, ya mpira. Akasikiliza yote. Halafu akauliza, "Mwanangu, ulijua tangu lini?"

Nikamwambia, "Tangu kopo la kwanza, mama."

Akaweka ungo chini, akanisogezea kigoda.