Elimu na Hadhi ya Anayeipokea

Swali la iwapo mtu anaweza kumpa mwenzake elimu bila kumdunisha ni la kale, lakini lilipata uzito mpya mwaka 1961, Marekani ilipounda Peace Corps, shirika la serikali linalowapeleka raia wake kufanya kazi ya kujitolea ng'ambo kwa takriban miaka miwili, wakipewa posho ya kujikimu badala ya mshahara. Tanganyika ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kuwapokea, na ingawa kundi lake la kwanza lilikuwa la wapima ardhi, wahandisi na wanajiolojia, waliofuata katika miongo ya baadaye wengi wamekuwa walimu wa sayansi na hisabati katika shule za sekondari.

Kuhusu utoaji kwa jumla, maandiko na wanazuoni walikwisha kuonya mapema. Qur'ani, katika Sura ya Pili, inafundisha kwamba sadaka huharibiwa na masimbulizi, yaani kumhesabia mtu wema aliotendewa. Al-Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111, aliufuata ugonjwa huo hadi mzizini alipoeleza adabu za zaka: masimbulizi huanzia moyoni, pale mtoaji anapojiona mfadhili, ilhali mfadhili wa kweli ni maskini aliyekubali kupokea na hivyo kumtakasa aliyetoa. Mwanafalsafa Immanuel Kant, aliyeandika mwaka 1797 kwa kutegemea hoja za akili pekee, alifika karibu na hapo hapo, kwani alimtaka mwenye kusaidia amwepushie mwenzake unyonge kwa kuonyesha kwamba anatimiza wajibu tu, au kwamba yeye ndiye aliyeheshimiwa kwa msaada wake kukubaliwa.

Elimu ni ngumu zaidi kuliko zaka. Anayetoa fedha hupungukiwa, na upungufu huo humkumbusha kiasi. Anayefundisha hapungukiwi na chochote, tena kazi yenyewe humweka mbele ya darasa akiwa na chaki na mamlaka ya kutoa alama. Ni kweli kwamba kanuni za sayansi hazina kabila wala pasipoti, na gesi ikigandamizwa hupungua ujazo Mwanza kama inavyopungua Boston, kwa hiyo mwalimu si mmiliki wa anachokifundisha. Hata hivyo, ufundishaji una mahali pake. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza aliyesoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili hukutana ghafla na fizikia kwa Kiingereza, na mwalimu asiyejua Kiswahili huenda akamhukumu kuwa hajui sayansi, kumbe kilichomshinda ni lugha.

Ndiyo maana mafunzo ya Peace Corps yanayotangulia kazi, ya karibu miezi mitatu, yana uzito wa kimaadili unaozidi ule wa maandalizi ya kawaida. Kundi la kwanza la Tanganyika lilianza kufundwa El Paso, Texas; baadaye mafunzo yalihamishiwa katika nchi mwenyeji, na uamuzi huo ulikuwa sahihi. Mhitimu wa chuo kikuu hukaa na familia ya Kitanzania, akafundishwa kuwasha jiko la mkaa, kufua kwa mikono na kuwaamkia wakubwa, huku watoto wa nyumba hiyo wakimsahihisha ngeli. Hata kemia yake hutegemea wenyeji: pasipo maabara yenye vifaa, maji mekundu ya choya iliyochemshwa huwa kiashiria, yaani kitu kinachobadilika rangi kutofautisha asidi na besi, na wanaojua choya, na magadi ya kutumika kama besi, vinapatikana wapi ni wauzaji wa sokoni. Rais Julius Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alilaumu shule zinazowafanya vijana waamini kwamba maarifa yote yamo vitabuni na kwa wasomi tu. Mwanafunzi wa ualimu anayetoka ng'ambo anahitaji somo hilo kuliko yeyote.

Padri Ivan Illich, akihutubia mwaka 1968 vijana wa kujitolea waliokuwa wakienda Mexico, aliwataka waje kutazama na kujifunza, wasije kusaidia. Shutuma yake inawapata wanaotua na kuanza kutoa. Haimpati aliyekubali kwanza kuwa mwanafunzi, kwa sababu huyo huingia darasani akiwa na deni, na kufundisha kwake ni kulilipa. Kinachobaki bila jibu kamili ni kuondoka kwake: miaka miwili haitoshi kulivusha darasa moja hadi kidato cha nne, na pengo analoliacha hujazwa na mwalimu mwenyeji ambaye hakuagwa kwa hotuba wala zawadi. Kwa hiyo kila shule inayompokea mgeni wa namna hii imweke chini ya mwalimu mzoefu wa somo hilo, na mwalimu huyo asikilizwe kwanza itakapoamuliwa kama mgeni alifaa.