Tangi Jipya la Samaki Mjini Mwingi

Mwingi ni mji unaojua thamani ya mtungi. Maji ya bomba hupandishwa kutoka bwawa la Kiambere, kwenye mto Tana, na visima vingi vya Kitui hutoa maji ya chumvi. Anayetaka tangi la samaki sebuleni aanze kwa kuyajua maji yake.

Ya bomba hutiwa klorini, na klorini huunguza mashavu ya samaki. Ndoo ikiachwa wazi siku moja, sehemu kubwa ya klorini hupotelea hewani.

Hatari kubwa haionekani. Samaki hutoa amonia, na chakula kinachooza huiongeza. Wapo bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, ambayo bado ni sumu. Wengine huifanya nitriti kuwa nitrati, yenye madhara madogo zaidi. Bakteria hao huchukua wiki 4 hadi 6 kuenea kwenye kichujio na changarawe. Ndiyo maana tangi jipya, maji yakiwa maangavu kabisa, huua samaki wengi waliotiwa siku ya kwanza. Inauma, maana kilichokosekana ni subira tu. Joto la Mwingi nalo huzidisha shida: maji yenye joto hubeba oksijeni kidogo.

Watiwe wawili watatu kwanza, wadogo na wastahimilivu kama gapi, walishwe kidogo, na robo ya maji ibadilishwe kila wiki. Yakiwa ya bomba, yale machafu yanayotolewa tangini yasimwagwe ovyo, kwani nitrati ni mbolea nzuri ya sukuma wiki. Tilapia wabaki bwawani. Hukua upesi kuliko tangi la sebuleni linavyoweza kumudu.