Mtoto Hana Rika

Katika makanisa mengi ya huku Kimulot, nchi ya Wakipsigis, sadaka si noti na sarafu tu. Asiye na pesa huleta alichovuna: mkungu wa ndizi, gorogoro la mahindi, sukuma wiki, kuku aliyefungwa miguu. Ibada ikiisha, vyote hupigwa mnada nje ya mlango na pesa zikaingia katika mfuko wa kanisa. Jumapili moja niliona mnada wa yai. Lililetwa na mtoto wa gredi ya pili, likiwa limefungwa ndani ya leso. Mwenye kunadi akaliinua juu, akaanzia shilingi hamsini. Wanaume wawili wenye majina hapa kijijini wakakabana: mia, mia mbili, elfu. Yai likaishia elfu tatu, makofi yakapigwa, na mnunuzi akalirudisha mezani linadiwe upya. Yule mtoto akamvuta nguo mwalimu wake wa shule ya Jumapili, akauliza: "Mwalimu, sasa hilo yai atakula nani?"

Watu walicheka. Lakini mwenye kujua kazi ya yai pale alikuwa yeye peke yake. Alilileta lipate kuliwa. Sisi watu wazima tulikuwa tumeligeuza jukwaa.

Imani ya mtoto ikitajwa, wahubiri wengi hukimbilia kusifu usafi wa moyo wake. Aliyelea watoto anajua kwamba si malaika: hunyang'anyana, huficha sukari mfukoni, na mtu akiwaambia jambo huuliza "kwa nini" hadi achoke kujibu. Sidhani Yesu aliwatukuza kwa upole wala kwa kuamini kila wanaloambiwa. Katika Mathayo sura ya 18, wanafunzi wanamuuliza nani aliye mkubwa katika ufalme wa mbinguni. Anamwita mtoto, anamsimamisha katikati yao na kuwaambia wageuke wawe kama watoto. Wao waliuliza habari ya vyeo. Yeye akamleta mtu asiye na cheo chochote.

Mkipsigis hahitaji kufafanuliwa sana hapo. Kijadi, mwanamume hupata nafasi yake kwa kutahiriwa na kuingia katika rika: Sawe, Kaplelach, Nyongi, Maina, Chumo na mengine, yanayorudi kwa zamu kizazi baada ya kizazi. Rika huamua unamheshimu nani na kwa namna gani, na nani azungumze kabla yako wazee wanapokutana kwenye kokwet, baraza la kijiji. Mtoto hana rika. Kikao hakimhesabu, humtuma maji tu. Basi mzee wa Kaplelach akiambiwa ageuke awe kama mtoto, haambiwi awe mpole. Anaambiwa aliache rika lake mlangoni.

Hilo ni gumu, na mara nyingi kanisa limepita njia nyepesi: limenyamazia marika ya zamani na kutunga mapya. Siku ya harambee, viti vya mbele hufunikwa vitambaa, maji ya chupa yakapangwa, na watoto wakatolewa nje ili mheshimiwa anayechelewa apate nafasi. Kisha michango husomwa kwa majina, mikubwa kwanza. Mambo haya yalifika mahali viongozi wenyewe wakashtuka. Septemba 2021, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Kanisa Anglikana la Kenya alipiga marufuku wanasiasa kuhutubia mimbarini. Novemba 2024, Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi aliagiza mchango wa Rais urudishwe.

Lakini kumwondoa mwanasiasa mimbarini ni kazi ndogo. Huku kwetu vyeo vinapandwa shambani. Mwenye chai ana namba yake kiwandani, hupimiwa majani kwenye senta na husubiri bonasi ya Oktoba. Mchumaji hulipwa kwa kilo, na mara nyingi ametoka Kisii au upande wa ziwa, au ni kijana wa hapa hapa ambaye baba yake hakuwa na shamba la kumgawia. Jumapili wote huimba wimbo mmoja. Zikija chaguzi za wazee wa kanisa na mweka hazina, majina hutoka upande mmoja.

Na tumeona hali hiyo inavyoweza kuishia. Mapema mwaka 2008, baada ya uchaguzi uliozua vurugu, wafanyakazi wa mashamba ya chai ya Kericho walifukuzwa kwa sababu ya kabila. Waliofukuza na waliofukuzwa, wengi wao walikuwa Wakristo. Hata miongoni mwetu wenyewe uko ukoo wa Talai, ambao mwaka 1934 serikali ya kikoloni iliuhamisha kwa nguvu hadi Gwassi, kando ya Ziwa Victoria. Mpaka leo ziko familia zinazoshiriki Meza ya Bwana na Mtalai, lakini posa ikitoka nyumbani kwake husita.

Paulo alipowaandikia Wagalatia kwamba katika Kristo hakuna tena mpaka kati ya Myahudi na Myunani, wala kati ya mtumwa na aliye huru, alikuwa ametoka kuwasimulia ugomvi wa chakula. Kule Antiokia, Petro alikuwa akila na watu wa mataifa mengine, kisha watu waliotoka kwa Yakobo walipofika akajitenga na wale aliokuwa akila nao. Paulo akamkemea hadharani. Kwa hiyo swali la yule mtoto, la nani atakula, si la kuchekwa. Ndilo lililomtia Petro aibu.

Kwangu, pa kuanzia ni hapa: majina ya watoaji yasisomwe, watoto wakae mbele, na mchumaji asiye na hata mche mmoja wa chai achaguliwe mweka hazina na kukabidhiwa funguo. Najua litakalosemwa: huyo si wa hapa, atatoroka na pesa. Jibu hilo linatosha kuonyesha imani yetu imefika wapi. Roho zetu tumemkabidhi Mungu tusiyemwona, ila funguo za sanduku tunamtafutia mwenye ekari tatu.