Tairi la Ndani

Somo la juma hili ni Wagalatia sura ya 6. Naomba msilisome kwa haraka, maana mstari wa 2 na mstari wa 5 ni kama inagombana. Kwanza Paulo anawataka ndugu wabebeane mizigo. Mistari mitatu mbele anawaambia kila mtu ataubeba wa kwake. Sisi wahubiri tumeshazoea kuigawa: mstari wa 2 tunautoa kwenye misiba na michango, mstari wa 5 tunaukumbuka mtu akija kukopa mara ya tatu. Juma hili nimeiona ikikaa pamoja, tena nikiwa nimelala chali uvunguni mwa gari.

Gari lenyewe ni la mzee wetu mmoja hapa Louisville, mtu wa Fizi, Kongo, aliyekaa miaka mingi katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, kabla ya kuletwa Marekani. Ni pikapu ndogo ya Toyota ya mwaka 1988 ambayo mgongoni, badala ya bodi ya mizigo, imepandishwa chumba chenye kitanda, jiko la gesi, sinki na choo. Magari-nyumba ya namna hii yalitengenezwa huku tangu miaka ya 1970 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990: Toyota ilileta kichwa na chesisi, viwanda vya Marekani vikajenga nyumba juu yake. Mzee amelinunua ili aende kuwaona wajukuu Iowa na Texas bila kulala kwenye makochi ya watu. Mkewe alipoliona alicheka sana. Amelala kwenye hema nusu ya maisha yake, akasema, na sasa mume kamletea hema lenye usukani.

Aliyeliuza alisifia matairi. Na kweli, ukiyatazama kwa nje yanapendeza: meusi, mifereji bado ina kina, hakuna kipara hata kimoja. Ila mzee ujanani alikuwa utingo kwenye malori ya Uvira na Bukavu, na utingo hadanganywi na rangi. Alishika spana kubwa akaanza kugonga tairi moja moja, kama utingo wafanyavyo kila lori linaposimama. Tairi lililojaa upepo hulia na kuirudisha spana mkononi. Lililopungua humeza pigo. Nyuma, upande wa kulia, la nje lililia vizuri. La ndani likanyamaza.

“Pasta, ingia wewe,” akaniambia. “Mimi magoti yamekataa.”

Kwa wasiolijua gari hili: mbele lina tairi moja kila upande, nyuma yamepangwa mawili mawili, pacha. Ukipita barabarani unaliona la nje tu. La ndani limejificha, vali yake haifikiki bila kupenyeza mkono kwenye tundu za rimu, na ndiyo maana watu hulijaza upepo la nje wakajipongeza. Nilipomulika tochi niliona ubavu wa lile la ndani umejaa nyufa nyembamba, na pale ubavu ulipokuwa ukigusa sementi umelegea. Namba ya kiwandani nayo ilikuwa huko huko. Sheria ya Marekani inataka namba kamili iandikwe ubavu mmoja tu wa tairi, na fundi wa zamani alikuwa ameuelekeza ndani. Tarakimu nne za mwisho zilikuwa 2909, yaani juma la 29 la mwaka 2009.

Tairi lile halikuzeeka kwa mwendo. Limezeeka kwa kusimama. Mpira wa tairi huchanganywa na nta na kemikali za kuukinga na jua na hewa ya ozoni, na kinga hiyo hupanda juu vizuri tairi linapozunguka na kujikunja. Likikaa uani miaka, kinga haipandi, na jua linafanya kazi yake kila siku. Zaidi ya hapo, gari-nyumba halishushi mzigo. Lori likifika bandari ya Kalundu, Uvira, hupakuliwa, tairi likapumzika. Nyumba hii inalala na kitanda chake, jiko lake na tangi lake la maji, usiku na mchana, hata ikiwa haiendi popote. Ndiyo maana magari haya mara nyingi hubadilishwa matairi kwa umri kabla mifereji haijaisha. Makampuni mengi ya matairi hushauri likishapita miaka 5 likaguliwe na fundi kila mwaka, na likifika miaka 10 litolewe hata kama linang’aa.

Tukaenda kuulizia mapya. Kijana wa dukani, mwenye adabu zake zote, alituletea tairi la gari dogo, saizi 185/75R14, bei ya chini. Ukiliweka kando ya lile linalotakiwa, 185R14C, macho hayaoni tofauti kubwa. Tofauti iko kwenye maandishi madogo ubavuni. Lile la bei rahisi lilikuwa na namba 89, na kwa jedwali la matairi 89 ni kilo 580. Lile la mzigo lilikuwa na namba mbili, 102/100. Ya kwanza, 102, ni kilo 850 kwa tairi linalobeba peke yake. Ya pili, 100, ni kilo 800 kwa tairi likifungwa pacha.

Hapo nilimwomba mzee tusimame kidogo. Nilidhani nimesoma vibaya. Tairi lile lile, upepo ule ule wa paundi 65, likiwa peke yake linaruhusiwa kilo 850, likipewa mwenzake linapunguziwa hadi 800? Sisi tuliolelewa kwa “kidole kimoja hakivunji chawa” tungetarajia kinyume chake. Mzee hakushangaa. Alisema wenye kiwanda wanajua kwamba pacha hawabebi sawasawa hata siku moja. Barabara imeinama ili maji yatiririke, upepo wa mmoja umepungua kidogo, mmoja amechakaa kuliko mwingine. Kila saa kuna anayebeba zaidi. Kilo 50 zile zimeachwa kwa ajili ya udhaifu wa mwenzake.

Nimekaa na kilo 50 hizo juma zima. Kumbe waliotengeneza tairi wamekuwa wakweli kuliko sisi kwenye kamati zetu. Sisi tukiwaweka watu wawili kwenye kazi moja tunahesabu mara mbili, kisha tunashangaa mmoja amechoka.

Tulilipima gari kwenye mizani ya malori, maji yakiwa yamejaa na vyombo vyote ndani, maana kupima gari tupu ni kujidanganya. Ekseli ya nyuma ilikuwa kilo 1,640, yaani kama 820 kila upande. Pacha wawili wakiwa wazima, hata yale ya bei rahisi yangetosha kwenye karatasi. Lakini la ndani likiisha upepo, lile la nje linabaki na kilo 820 zote. Lenye uwezo wa 850 litakuvusha mpaka usimame pembeni. Lenye 580 litapasuka. Na hapo, ndugu zangu, litakalopasuka ni lile zima. Lile lililolegea litakuwa limelala tu hapo ndani, na watu watasema tairi la nje lilikuwa bovu.

Tunayo matairi ya nje mengi hapa kanisani. Mama anayefanya zamu ya usiku kwenye nyumba ya kulelea wazee, anatoka saa moja asubuhi, saa tatu yuko kwenye mazoezi ya kwaya, na mume tangu asimamishwe kazi ghalani hajaamka kitandani kwa moyo wake. Kijana ambaye ukoo mzima wa Kigoma na Uvira umempigia simu mwezi huu, kwa sababu “yeye anaweza.” Mweka hazina ambaye msaidizi wake tulimchagua kwa makofi, naye hajaonekana. Ukiwagonga, wanalia vizuri. Habari ya nyumbani? Nzuri, Pasta, Mungu ni mwema. Na wachungaji tunapenda sana kugonga la nje, kwa sababu halihitaji kulala chini.

Sasa rudini kwenye Wagalatia mkatazame kilichokaa katikati. Kati ya kubebeana na kila mtu kubeba wake kuna mstari wa 4, unaomtaka kila mmoja aipime kazi yake mwenyewe. Ile ndiyo spana ya utingo. Bila kuitumia, mistari miwili inagombana kweli: mmoja ataegemea kwa jina la upendo, mwingine ataficha kwa jina la uvumilivu. Mzigo wangu binafsi, nadhani, ni huu wa kuwa na upepo wangu. Sala yangu, ukweli wangu, kusema “nimelegea” kabla sijalegea kabisa. Hilo jirani hawezi kunifanyia. Kilo zinazotukandamiza ni za wote, tuko kwenye ekseli moja. Upepo ni wa kila tairi.

Neno moja zaidi kwa wanaopanga uongozi mwezi ujao. Mzee alitaka kwanza anunue tairi moja tu, la ndani kulia, akaanza kuhesabu dola zilizobaki. Kisha mwenyewe akajikatalia. Pacha hawafungwi mmoja mpya na mmoja mzee, maana mpya ni mrefu kidogo kwa kimo, na robo inchi inatosha kumfanya abebe zaidi huku mwenzake akiburuzwa. Mpya ndiye atakayeelemewa. Nimeyaona hayo kwenye kamati zetu: tunampachika kijana mwenye moto kando ya mtu aliyechoka asiyetaka kusema amechoka, na kabla ya Krismasi kijana amehamia kanisa lingine. Yule aliyechoka hahitaji kupewa kijana. Anahitaji kushushwa kwa heshima, apumzike, na nafasi ile ipangwe upya yote.

Basi mzee amenunua sita, yote ya 185R14C, tarehe za mwaka huu, na vali ndefu za chuma ili la ndani lijazwe bila kumlaza mtu chini. Spea ya zamani ameitupa. Ilikuwa kuukuu kuliko yote. Aliponiomba nihesabu nati za nyuma nikamwambia ni sita, alishukuru Mungu kwa sauti, kwa kuwa magari-nyumba ya awali yenye nati tano yalikuwa na ekseli dhaifu kwa mzigo wa nyumba.

Wanaondoka Jumatano kwenda Iowa. Mkewe haendeshi, na macho ya mzee usiku si mazuri. Kwa hiyo anatafutwa mtu mwenye leseni atakayesaidiana naye usukani, chakula juu yao, kitanda cha juu kipo. Aliye tayari amwone mke wa mzee baada ya ibada.