Risasi Mbili

Jirani yangu hapa Tunduma, akilima shamba lake, aliibua risasi mbili za zamani. Moja ilikuwa imebonyea kama uyoga. Ya pili ilikuwa imenyooka. Mnunuzi wa vitu vya kale aliitaka ile iliyobonyea tu, akisema ndiyo yenye historia. Jirani akaniomba shauri.

Ndugu msomaji, historia ya nani? Mpaka huu ulipiganiwa na Wajerumani na Waingereza; hata Novemba 1918 jeshi la Lettow-Vorbeck lilishambulia Fife, ng'ambo tu ya hapa. Sasa, madini ya risasi ni laini. Yakigonga jiwe hubonyea. Yakipita kwenye nyama tupu bila kugusa mfupa huweza kubaki na umbo lake. Basi huenda ile ya thamani ilipiga mwamba, na ile iliyodharauliwa ikapita mwilini mwa mpagazi ambaye jina lake halikuandikwa popote.

Ndivyo tunavyopimana hata sisi: mwenye kovu tunampa pole, aliyeumia ndani tunampita.

Nilimwambia jirani auze akipenda, ila ile iliyonyooka asiitupe.